Tuipe Sigara Sifa Zake

Makanisani kwetu Tanga sigara husemwa vibaya mwaka mzima, na sijamsikia hata mmoja akisimama kuitetea. Mimi sivuti, wala sina duka la kuziuza, kwa hiyo kazi hiyo inanifaa.

Tuanze na utoaji. Mchungaji akitaka bati za kanisa itabidi ahubiri Malaki Jumapili tatu mfululizo, agawe bahasha, asome majina ya waliotoa kwa sauti ya upole na ya ambao hawajatoa kwa sauti ya upole zaidi, na bado ahadi zitabaki ahadi. Sigara haina bahasha wala mweka hazina. Baba Fulani wa Tongoni, mvuvi na msharika mwema, huiendea mwenyewe alfajiri, uso haujaona maji. Pale dukani, kando ya barabara iendayo Pangani, kiberiti cha gesi kimefungwa kamba kwenye nondo za dirisha, maana wavutaji ni watu waaminifu ila kwa viberiti. Anatoa pesa, anachukua mbili, moja anaiwasha na nyingine anaipachika nyuma ya sikio. Tuseme kila moja ni shilingi 200 na yeye anavuta tano kwa siku. Hiyo ni 1,000 kwa siku, 365,000 kwa mwaka. Kwenye daftari la kanisa ameahidi 50,000 na ametoa 10,000. Akikumbushwa hujibu kwamba bahari mwaka huu imekuwa mbaya, na hasemi uongo, bahari imekuwa mbaya kweli. Mama watoto akiomba pesa ya madaftari, anaambiwa, "Mama, vuta subira, samaki wakipatikana tutaona." Sigara haijawahi kuambiwa ivute subira. Yenyewe huvutwa tu.

Sasa nioneshe muumini anayetoa kila siku, mvua na jua, mwenye afya na mgonjwa, tena bila kuhubiriwa.

Halafu upendo kwa jirani. Mla chipsi hunenepa peke yake. Moshi hauna choyo: unamfikia mama jikoni, unamfikia mjukuu aliyelala mkekani, unapita dirishani kuwasalimu wapangaji. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba tumbaku huua watu zaidi ya milioni 7 kila mwaka, na zaidi ya milioni moja kati yao hawakuvuta wenyewe, walikaa tu karibu na mvutaji. Katika harambee zetu zote sijaona mchango uliowafikia wengi kiasi hicho ambao hawakuuomba.

Na unyofu wake! Pakiti imeandikwa waziwazi kwamba kilichomo ni hatari kwa afya. Mnunuzi anasoma, anaguna, anawasha. Sisi wengine tunangoja Kwaresima ndipo tukiri, tena kwa mafumbo. Sigara imebandika dhambi yake kifuani na inatembea nayo sokoni.

Wanaoilaani wangesoma kwanza historia ya wakubwa wao. Mfalme James wa Uingereza, yuleyule ambaye Biblia ya Kiingereza ya 1611 inaitwa kwa jina lake, aliandika kijitabu cha kuitukana tumbaku mwaka 1604, na mwaka huohuo akaipandishia ushuru mara nyingi sana. Mawaziri wetu wa fedha wanajua njia hiyo. Kila Juni watu husubiri kusikia kutoka Dodoma kama sigara na bia zimepanda, na sisi tusiovuta tunapiga makofi, kwa sababu dhambi za jirani zinatujengea barabara. Papa Urbano wa Nane mwaka 1642 alitishia kuwatenga na Kanisa watakaovuta ndani ya makanisa ya Seville. Mwaka 1725 Papa Benedikto wa Kumi na Tatu, ambaye mwenyewe alipenda ugoro, akalegeza. Spurgeon, mhubiri mkubwa wa Kibaptisti, alitamka hadharani mwaka 1874 kwamba atavuta biri yake kwa utukufu wa Mungu. Baba Fulani hajawahi kumsikia Spurgeon, lakini wangeelewana.

Tongoni yenyewe ina haki ya kuheshimu moshi. Ufuoni kuna magofu ya msikiti wa kale na makaburi ya nguzo zaidi ya 40, na mbele yake, katika maji ya Mtangata, ndiko merikebu São Rafael ya Mreno Vasco da Gama ilikokwama Aprili 1498. Januari 1499, walipokuwa wakirudi kutoka India, mabaharia walikuwa wamepukutika kwa kiseyeye hata hawakutosha kuendesha merikebu zote, wakaichoma São Rafael papa hapa. Merikebu yenye jina la malaika ambaye Kitabu cha Tobiti kinamjua kwa uponyaji ikaishia moshi kwa sababu ya ugonjwa. Naona huo ndio uliokuwa moshi wa kwanza wa Kikristo katika pwani hii, na uligharimu zaidi ya shilingi 365,000.

Watetezi wa afya watanikumbusha kwamba ile mara ya kwanza, chombo kilipokwama, wenyeji waliwapelekea Wareno machungwa kwa mtumbwi, na Wareno wakaandika kwamba ni mazuri kuliko ya kwao. Kumbe dawa ya kiseyeye ilikuwa inaelea ubavuni mwa merikebu. Ni kweli, na machungwa bado yapo. Yanashuka kutoka Muheza kwa magunia, yanamenywa mbele yako kwenye meza ya duka lilelile la barabarani, na kwa bei ya sigara tano mtu angewapelekea watoto mfuko. Lakini chungwa likipachikwa nyuma ya sikio halikai. Nabii Isaya aliuliza kwa nini watu watoe fedha kwa kitu ambacho si chakula, na Paulo aliwaandikia Wakorintho kuwa mwili ni hekalu. Baba Fulani anayajua yote mawili, na jibu lake ni kwamba hekalu la kale nalo lilifukizwa uvumba asubuhi na jioni. Mchungaji bado anatafuta la kumjibu.

Nilitaka niisifu na soda, ambayo mzee wetu mmoja wa kanisa mwenye kisukari huishika mkononi huku akiikemea sigara. Nimeombwa niache. Kreti nne zimeshaagizwa kwa ajili ya ugeni wa askofu.