Tulifungwa kwa Heshima

Mechi ya kikapu ya Jumamosi hatukuipoteza kwenye mchezo. Tuliipoteza kwenye salamu.

Kwa kawaida timu mbili zikikutana katikati ya uwanja kabla ya mpira kurushwa, watu hupeana mikono, hutazamana kwa jicho la "leo mtatukoma", kisha kila mtu anarudi kwake. Lakini wapinzani wetu safari hii walikuwa vijana wa kidato cha tatu, tena wamelelewa. Walipanga foleni, wakatupitia mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja akainamisha kichwa: "Shikamoo." Sisi, watu wazima saba wenye vitambi vya saizi mbalimbali, tukaitikia marahaba mara kumi na mbili. Tulipofika marahaba ya mwisho, kila mmoja wetu alikuwa amezeeka miaka mitano. Na mtoto aliyekwisha kukuamkia utampigaje kiwiko?

Mimi ndiye katibu wa timu. Kazi yangu ni kuandika ripoti ya kila mechi na kumpa kila mchezaji alama kati ya kumi. Nilipewa kazi hii kwa sababu ya mahali ninapokaa: kwenye benchi, ambako mtu huona kila kitu na hakosei chochote. Kwa misimu miwili nimeifanya bila kumwonea haya mtu. Nawaomba wenzangu waipokee na hii kwa moyo uleule.

Nianze na uwanja. Uko nyuma ya gereji moja hapa Dar es Salaam: simenti, mistari iliyokwisha kufutika, na ringi mbili. Kanuni inataka ringi iwe mita 3.05 kutoka chini. Ya kwetu upande wa mashariki inatimiza kanuni hiyo ukiipima kushoto. Kulia imeinama, maana mafundi wa gereji waliwahi kuitumia kuinulia injini ya Noah. Wavu hakuna. James Naismith, mwalimu aliyeubuni mchezo huu mwaka 1891 kule Springfield, Marekani, alianza na vikapu vya kuwekea matunda, vyenye vitako, hivyo kila mpira ulipoingia ilibidi mtu apande ngazi kuutoa. Wako wanaomcheka. Mimi simcheki. Kikapu chenye kitako hakina ubishi: mpira umo au haumo. Kwetu mpira ukipita kwenye ringi tupu, nusu ya mashahidi huapa kwamba umepita pembeni, na mechi inasimama mpaka muuza juisi ya miwa aitwe kutoka kona kutoa ushahidi.

Sasa wachezaji.

Mrefu: alama 3. Tangu mwaka 2009, Hasheem Thabeet, mtoto wa Dar es Salaam mwenye urefu wa mita 2.21, alipochaguliwa wa pili na Memphis Grizzlies katika drafti ya NBA, mbele ya James Harden na Stephen Curry, hakuna mwanamume mrefu mjini hapa anayepanda daladala kwa amani. Konda anamuuliza kama anacheza kikapu, abiria wanamuuliza, hata trafiki anamuuliza. Mrefu wetu tulimsajili kituoni akisubiri gari. Alikubali, anavyosema mwenyewe, kwa sababu alichoka kukataa. Hakuna aliyekumbuka kumuuliza kama anauogopa mpira. Anauogopa. Ukimpasia, anaziba uso. Katika maisha yake ya michezo alikuwa hajawahi kuruka kumzuia mtu, na nawaomba mlikumbuke hilo.

Mangi: alama 4. Analinda eneo letu kama anavyolinda duka lake, kwa mwili mzima. Kikapu kinakuruhusu makosa manne; la tano unatoka nje. Mangi alifikisha manne kabla robo ya tatu haijaisha. Lilipokuja la tano alimfuata refa na kumwomba aliandike tu kwenye daftari, mwisho wa mwezi watamalizana. Refa akakataa kata kata. Nilimwonea huruma, ila nikakumbuka kibao kilichopo dukani kwake: "Kukopa harusi, kulipa matanga."

Bishoo: alama 5. Alikuja na viatu vya mtumba vya Karume, chapa kubwa, rangi ya kuumiza macho, cha kushoto namba 44 na cha kulia 43. Robo ya pili aliruka vizuri kuliko siku zote. Bahati mbaya soli ya kulia haikuruka naye. Ikabaki chini imeachama kama mamba. Tangu hapo alicheza akivuta mguu, lakini alihakikisha anauvuta kwa madaha.

Mwalimu: alama 6. Huyu anaijua kanuni kuliko refa. Sekunde tatu chini ya kikapu, sekunde nane kuvuka nusu ya uwanja, sekunde 24 kushambulia, zote anazo kichwani. Kwa kuwa saa ya kushambulia hatuna, sekunde anazihesabu kwa mdomo mtoto wa mlinzi, ambaye akifika kumi na saba hurudi kumi na tano. Mara mbili Mwalimu alisimama katikati ya shambulizi letu, mpira mkononi, ili kumsahihisha. Mara zote mbili alinyang'anywa.

Nahodha: alama 7. Alifunga, akapasi, akakaba. Mtu anayefanya kazi yake vizuri hampi katibu cha kuandika.

Babu: alama 8. Mitupo yake ya adhabu, kutoka ule mstari wa mita 4.6, huirusha kwa mikono miwili akianzia magotini, kama mtu anayemwaga maji ya kuoshea vyombo. Vijana walicheka wa kwanza ulipoingia. Wa sita walikuwa wanahesabu. Zikiwa zimebaki dakika mbili, msuli wa mguu ukambana, akatolewa akikandwa kwa chupa ya soda baridi.

Hapo ndipo tatizo lilipoanza. Mangi nje, Babu nje, na timu ina watu saba. Nahodha alitazama benchi kama mtu anayefungua friji akijua haina kitu. Nikafunga daftari, nikaingia.

Ubao ulisoma 40 kwa 39, sisi tukiongoza. Kuna jambo moja ambalo katibu hakuliona. Baada ya mapumziko timu hubadilishana vikapu, na wakati wa mapumziko mimi nilikuwa kwa muuza juisi ya miwa. Robo ya tatu nzima nilikuwa nimeinamia daftari, naandika habari za soli.

Zikiwa zimebaki sekunde chache, kijana mmoja alirusha kwa mbali akakosa. Mpira uligonga ringi, ukaruka juu juu ukaniangukia karibu na mstari wa kati, nilikokuwa napumzika. Nikageuka, nikaona kikapu. Nikaanza kukimbia huku naudunda. Vijana waliponiona nakuja, wakanipisha. Wote. Nikasema moyoni, hii ndiyo faida ya malezi. Watu pembeni walikuwa wanapiga kelele ambazo sijawahi kupigiwa tangu nizaliwe. Ni Mrefu peke yake aliyekuja mbele yangu, mikono juu, akaruka kunizuia. Mrefu! Nikajua ni wivu. Nikampita kulia, nikaupeleka mpira kwenye ubao. Ukaizunguka ringi mara mbili ukifikiria, kisha ukaingia. Hapakuwa na ubishi wowote. Muuza miwa hakuitwa.

Niliinua mikono. Timu yetu haikuinua.

Mwalimu ndiye aliyefika kwa refa wa kwanza, akihema. "Alikusudia!" akasema. "Mchezaji akifunga kwenye kikapu chake kwa makusudi ni kosa, pointi hazihesabiwi! Alikusudia huyu!" Na ni kweli, kanuni ndivyo isemavyo. Ukifunga kwa bahati mbaya, wapinzani wanapata pointi mbili. Ukifunga kwa kusudi, hawapati kitu. Wenzangu wakanizunguka. "Sema ulikusudia!" Hivyo nikatakiwa kuchagua, tena kwa haraka: nikiwa mjinga tunafungwa, nikiwa msaliti tunashinda.

Nikavuta pumzi. "Refa," nikasema, "nilikusudia."

Refa alinitazama kuanzia kichwani hadi kwenye viatu. Hakuwa na hasira. "Mzee wangu," akasema, "nimekuangalia tangu ulipoingia. Hakuna ulichofanya humu ndani kwa kusudi."

Akaonyesha vidole viwili kwa meza. 41 kwa 40. Sekunde zilizobaki tulizimaliza tukitafuta soli ya Bishoo.

Kanuni ina huruma yake lakini. Kikapu cha namna hiyo hakiandikwi kwa jina la aliyefunga. Kinaandikwa kwa nahodha wa wapinzani aliyepo uwanjani. Nimelikagua daftari la mechi kwa macho yangu mawili na jina langu halimo popote. Kwa hiyo, kwa mujibu wa kumbukumbu rasmi, katibu hakufanya kosa lolote, na kwa kuwa hakuna aliyeandikwa, nashindwa pa kuweka alama.

Nahodha wao alikuwa kijana mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa lastiki kisogoni. Siku nzima alikuwa amekimbia, amepasi, amehimiza wenzake, na ubaoni hakuwa na hata pointi moja. Baada ya mechi walipanga tena foleni, na alipofika kwangu akasimama.

"Shikamoo, anko," akasema. "Ndiyo mara yangu ya kwanza kuandikwa nimefunga."

"Marahaba, mwanangu," nikamwitikia. "Hata mimi ndiyo mara yangu ya kwanza kufunga."