Fungate Kabla ya Posa? Mchm!

Mchm! Jamani, mambo haya yameanza lini? Pale kwenye kahawa kijana mmoja wa bodaboda katutangazia, bila hata kupepesa macho, kwamba Ijumaa anapanda boti na mchumba wake, wanakwenda fungate Nungwi. Tukampa hongera, tukauliza harusi ilikuwa lini. "Harusi bado, wazee wangu. Hata barua kwao sijapeleka. Tunaenda kwanza tukasomane." Kashata ikamkwama mzee mmoja kooni.

Kijiwe kikagawanyika. Fundi cherehani akamtetea: bora wajuane mapema kuliko ndoa kuvunjika kabla deni la ukumbi halijaisha. Hoja yake siibezi. Tumeshaziona harusi za vikao na kamati, michango inakufuata hadi kwenye WhatsApp, kisha haipiti miezi bibi harusi karudi kwao na begi lake. Kuogopa kuoana na mtu usiyemjua ni akili, wala si uhuni.

Ila kusomana gani huko Nungwi? Kitanda unatandikiwa, chai ya asubuhi imo kwenye bei, jioni mnatazama jua likizama. Mkorofi gani atashindwa kuwa mpole kwa siku tatu za namna hiyo? Tabia ya mtu utaiona LUKU imekata saa nne usiku na kwenye simu hana kitu. Utaiona mdogo wake akipiga simu kuomba ada, au wewe umelala na homa na ndoo bado iko bombani. Ukitaka kumjua, nenda naye kwenye msiba wa kwao. Mwangalie anavyowasalimia shangazi zake, kama anabeba viti au anakaa kivulini na simu, anavyozungumza na kaka yake ambaye maisha yamemshinda. Kama kwao ni Dodoma, SGR ipo, nendeni mkamsalimie mama yake, kila mtu alale chumba chake. Ukikaa jikoni na yule mama siku mbili, utayasikia ambayo mwanawe hatakwambia hotelini.

Wazee wetu wa pwani fungate yao ilikuwa siku saba, na maharusi hawakutupwa peke yao. Chakula kililetwa, somo aliingia na kutoka, sauti ikipanda chumbani kuna mtu aliyesikia. Bibi harusi alikuwa na watu nyuma yake. Huyu wa leo anavushwa bahari, nyumbani kaaga kwamba anakwenda semina. Likimfika jambo usiku, atampigia nani? Baba ambaye hajui hata kama binti yake ana mchumba?

Hapo ndipo ninapoumia, maana hasara ya safari hii hawagawani sawa. Kijana akiona binti hamfai, anarudi kijiweni na picha zake, maisha yanaendelea. Binti anarudi na maneno ya mtaa, pengine na mimba. Fundi akasema sheria ipo. Ipo kweli: Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inampa aliyevunjiwa ahadi ya ndoa nafasi ya kudai fidia mahakamani, na hata zawadi zilizotolewa kwa ajili ya ndoa ambayo haikufungwa zinaweza kudaiwa. Lakini tuambizane ukweli: ni binti gani wa mtaani kwetu atasimama mbele ya hakimu aeleze alivyolala Nungwi na mtu ambaye hata barua hakuleta?

Kijana akaja na hoja ya mwisho, na hii ndiyo iliyonigusa: akisubiri harusi, pesa yote italiwa na ukumbi, mapambo, MC na gari la kukodi, fungate wataisikia kwa wenzao. Hapo namuunga mkono mia kwa mia. Tumewazoesha vijana kuanza ndoa na madeni. Lakini kinachowafilisi ni sherehe. Ndoa ya bomani inataka taarifa ya siku 21 na mashahidi 2. Barua ikipelekwa, mahari ikaeleweka, wanaweza kusaini asubuhi na jioni wakawa baharini, mke na mume, mama anajua walipo. Na ninyi kamati za harusi, fungu la fungate likae kwenye bajeti tangu kikao cha kwanza, kabla hamjaanza kubishania rangi ya vitambaa.

Basi wewe binti unayetumiwa picha za hoteli, usimtukane, huenda anakupenda kweli. Mwambie boti za Zanzibar zinaondoka kila siku. Kwanza washenga wafike nyumbani.