Mchagua Jembe

Kazi ya kwanza niliikataa kwa sababu ya alama ya dola. Ofisi iko Kijitonyama, mshahara unaeleweka, na chakula cha mchana ni juu yao. Lakini meneja aliposema mfumo wao wote umeandikwa kwa PHP, nikatabasamu kama kijana aliyeposewa mke asiyemtaka, nikaaga. Katika PHP, kila jina unalolibuni la kuhifadhia kitu sharti litanguliwe na $, na kila agizo lifungwe kwa nuktamkato. Mimi ni mtu wa Python. Python haina makorokoro hayo. Inataka tu nafasi za mwanzo wa mistari zilingane. Ukikosea moja, inasusa.

Kosa langu lilikuwa kumtafsiria mama. Maelezo yote yale, yeye akaondoka na neno moja: chatu. Kesho yake jirani yetu pale Sinza akanisimamisha kibarazani. "Mwanangu, eti umekataa kazi kwa ajili ya chatu? Unamfuga wapi?"

Nikamweleza kwamba Guido van Rossum, Mholanzi aliyeitoa Python mwaka 1991, hakuwa na habari na nyoka. Jina alilitoa kwa Monty Python, kikundi cha wachekeshaji wa Uingereza.

"Kumbe ni vichekesho," akasema kwa huruma. Nadhani hivyo ndivyo mtaa ulivyopata taarifa.

Mjomba yeye alinikumbusha kwamba mchagua jembe si mkulima. Nikamjibu kuwa jembe lenyewe lina dola mpinini. Hakucheka.

Baada ya miezi minne nikapata kazi ya Python. Tangazo lilisema Python, usaili ulikuwa wa Python. Siku ya kwanza nikakabidhiwa printa iliyokwama karatasi. Siku ya pili, printa ileile. Mwezi wa tatu nikamuuliza bosi Python iko wapi. Akasema iko njiani. Nikaacha kazi kabla haijafika.

Nauli ilipokata nikarudi Kijitonyama, nimefyata mkia. Meneja, Mungu ambariki, hakuuliza kitu. Akanipa mfumo mkongwe wa kutoa ankara, nao haukuchelewa kunigomea: T_PAAMAYIM_NEKUDOTAYIM. Nikadhani kompyuta imepandisha mashetani. Kumbe ni Kiebrania! Waisraeli wawili, Andi Gutmans na Zeev Suraski, walioanza kuiandika upya PHP mwaka 1997, ndio walioziita hivyo nukta pacha mbili zinazofuatana. Nimekosea alama ya uandishi, nakaripiwa kwa lugha ya manabii.

Huu ni mwezi wa sita. Juzi mama aliniomba nimwandikie binti orodha ya gengeni. Nikaandika harakaharaka, nikampa. Mama akaidaka njiani, akavaa miwani, akasoma: $nyanya; $vitunguu; $dagaa;

Akaniita kwa jina langu lote. "Tangu lini dagaa wa hapo gengeni wanauzwa kwa dola?"