Kesi ya Matairi ya Duma

Duma alikuwa na Subaru Impreza ya buluu, iliyoshushwa melini Mombasa baada ya kutumika Japani, na ukutani kwake alibandika picha ya Colin McRae, Mskoti aliyeshinda Safari Rally mwaka 1997 kwa gari la jina hilohilo. Kijiji cha wanyama kilikuwa ukingoni mwa Bonde la Ufa, juu ya Mai Mahiu, na barabara ya kuteremka bondeni ilikuwa na kona za kumtosha hata Duma. Gari hilo ndilo lililowakimbiza wagonjwa hospitali usiku. Kwa hiyo matairi yake yalinunuliwa kwa fedha za harambee, na yalipoanza kuisha kila baada ya miezi mitatu, yale ya mbele tu, kijiji kizima kilikasirika.

Fisi, mwenye duka la matairi, alikuwa na jibu. "Mzee Simba, matairi ya siku hizi hayana mpira. Leteni fedha niwape mengine mawili."

Wakaleta. Yakaisha. Wakaleta tena.

Mara ya nne Mzee Simba aliitisha baraza, na matairi mawili yakafikishwa mbele ya wazee kwa shtaka la kula mali ya umma. Kamati ya uchunguzi iliundwa na waheshimiwa watatu: Twiga mwenyekiti, Mbuni katibu, na Ngamia, mgeni aliyeheshimiwa kwa sababu ya kimo chake. Walilizunguka gari wakiwa wamesimama wima, wakatazama kutoka walipo. Mbuni akasoma ripoti: "Upande wa nje una meno mazuri, mpira unang'aa. Kamati haikuona sababu yoyote ya matairi haya kuisha, isipokuwa uvivu."

"Waheshimiwa," akasema Kobe, "mimi nimepita chini ya gari."

Minong'ono ikazuka. Kupita chini ya gari si jambo linalotajwa barazani.

"Upande wa ndani ni kipara," Kobe akaendelea. "Waya zinachungulia. Mnaosimama hamwezi kuuona. Mwambieni Duma akate usukani mpaka mwisho, gurudumu litageuka nanyi mtauona. Tairi ni moja, wazee wangu. Litakuwaje vivu nusu na chapakazi nusu?"

Twiga akajibu kwamba mambo ya chini yana wenyewe, na matairi yakahukumiwa kuchomwa.

Hapa lazima niseme nilijualo, kwa maana watu wanakufa kwa jambo hili. Tairi lililoisha upande wa ndani huonekana zima kwa kila apitaye kando yake. Dereva hulitazama asubuhi, akaridhika, akapakia watoto, na katikati ya mteremko likapasuka. Mpira ulioliwa ni ule usioonekana, nao ndio uliokuwa umebeba mzigo wote.

Tena kila mtu pale kijijini alijua gari lilianza lini kula matairi. Ni tangu Kima, fundi wa gereji, alipobadilisha springi akaweka fupi, ili gari likae chini kwa ukali. Gari likishuka hivyo, magurudumu ya mbele huinamia ndani kwa juu, na pale yanapotazama mbele panahama pia. Kila springi zikibadilishwa, ni lazima gari lipimwe alaimenti upya. Kima hakupima. Lakini Kima alikuwa mpwa wa Nyani, na Nyani ndiye aliyeshika sanduku la harambee.

Hata hivyo maneno ya Kobe yaliwakera wengine, na Kima akatumwa ayasimamishe magurudumu. Subaru hiyo ina bolti ya juu kwenye shokapu ya mbele ambayo ukiizungusha, gurudumu huinama au huinuka. Kima akaizungusha mpaka magurudumu yakasimama wima kama askari wa gwaride, akapokea malipo yake, akaenda zake. Mwelekeo wa mbele hakuugusa.

Duma akateremka bondeni. Kwenye kona, gari linalokwenda kasi hulala upande, na tairi la nje ya kona hulalia bega lake. Ndiyo sababu magari ya mbio huinamishwa kidogo ndani: yakilala, mpira ukanyage wote. Haya yaliyosimamishwa wima yalikanyaga kwa bega la nje tu, na majuma machache baadaye mabega hayo yalikuwa yamelika kwa miparuzo.

Sasa aibu ilikuwa upande wa barabarani. Twiga aliiona kutoka mbali, akatangaza kwamba matairi yanateseka. Mbuni akaandika barua. Mpira ulioisha ndani kwa mwaka mzima haukumtoa mtu machozi; ulioisha nje kwa majuma machache uliitishiwa mkutano wa dharura.

Mzee Simba, ambaye kwa haki hakuwa mjinga, alichoka. "Mzee Kobe," akasema, "shika kazi."

Kobe hakuanza na mashine. Alipitisha kiganja juu ya meno ya tairi, kutoka ndani kwenda nje, kisha akarudi. Upande mmoja mkono uliteleza. Akirudi, meno yalikwaruza. "Hili linaburutwa," akasema. Akaweka jeki, akashika gurudumu kulia na kushoto, akalitikisa: tairodi ya kushoto ilikuwa na mchezo. Akashika juu na chini: bolijointi ilikuwa salama. Akadai tairodi mpya kwanza, kwani kupima alaimenti juu ya kiungo kilicholegea ni kupima upepo.

Kisha akafunga uzi pande zote mbili za gari, ukanyooka sambamba nalo, akawaita wazee wasogee. "Tairi hili lina kipenyo cha sentimita 60. Ukingo wake wa mbele umetoka nje milimita 3 kuliko wa nyuma. Ni unene wa sarafu mbili. Lakini linapokwenda kilomita 1, linaburutwa kando mita 5."

Ngamia akauliza kama mita hizo zinaweza kupunguzwa kwa azimio.

Kobe akainamisha magurudumu ndani nyuzi 1 na nusu, yatosheleze kona za Duma bila kuulemea upande wa ndani. Mwelekeo wa mbele aliuacha mwisho, kwa kuwa kila ukigusa mwinamo nao huhama. Akaunyoosha, pande zote mbili zikatazama mbele sawasawa. Alipima upepo asubuhi, matairi yakiwa baridi, akafuata namba za kibandiko cha mlangoni pa dereva, kwani upepo mwingi hula katikati na upepo haba hula kingo zote mbili. Akaagiza matairi ya mbele na ya nyuma yabadilishane kila kilomita 8,000, kila moja libaki upande wake, maana yalikuwa yenye mshale wa kuonyesha yanakozunguka.

Halafu akamgeukia Fisi. "Gari hili linasukumwa na magurudumu yote manne. Umekuwa ukituuzia mawili mapya mbele, nyuma yakabaki makuukuu yenye mzingo mdogo. Difu ya katikati imekuwa ikisaga tofauti hiyo usiku na mchana. Ulijua?"

Fisi alijua.

Matairi yaliyofuata yaliisha kwa usawa, bega kwa bega, na fedha za harambee zikatosha kumnunulia mkunga taa. Mzee Simba akamwomba Kobe awe mwenyekiti wa kamati ya uchunguzi. Kobe akakubali kwa sharti moja, kwamba kila kikao kifanyike chini ya gari. Twiga alijiuzulu jioni ileile kwa sababu za kiafya, Ngamia akakumbuka kwamba ana kwao, na Mbuni akaomba kutumiwa kumbukumbu za mkutano kwa maandishi.