Kitovu Kibaki Nyumbani

Kwanza hongera. Umelipa ada ya mwezi, umemwambia shoga yako mmoja tu, maana yake mtaa mzima unajua, na Jumamosi asubuhi unatakiwa uwe umefika kwenye ule ukumbi ulio juu ya duka la vifaa vya ujenzi ili ukaanze densi ya tumbo. Sasa umesimama mbele ya kabati unalalamika huna nguo. Nguo unazo. Kinachokusumbua ni picha iliyokukaa kichwani: sidiria ya shanga, mkanda wenye matamvua, sketi ya shifoni iliyopasuliwa hadi pajani. Hiyo picha tuimalize kwanza, ndipo tuzungumzie taiti.

Ukitazama michoro na picha za wachezaji wa Misri wa karne ya 19, wale walioitwa ghawazi, utawakuta wamevaa vizibao vya kubana, sketi au suruali pana, na kitambaa kimefungwa nyonga. Seti ya sidiria na mkanda ilishamiri baadaye, kwenye kumbi za starehe na sinema. Mwaka 1926 mama mmoja mzaliwa wa Sham, Badia Masabni, alifungua ukumbi wake Cairo, na mikononi mwake wakapita nyota kama Samia Gamal na Tahia Carioca. (Huyu wa pili jina la Carioca alilipata kwenye dansi ya Kibrazili, ujue watu wa fani hii hawajawahi kuona haya kuazima.) Huku nyuma Hollywood nayo ilikuwa ikijishonea Mashariki yake ya kufikirika, na mafundi wa Cairo hawakuwa vipofu. Kwa hiyo vazi unalolililia lilishonwa ili limetemete mbele ya kamera, au mbele ya bwana aliyekaa meza ya nyuma kabisa na glasi mkononi. Wewe utatazamwa na mwalimu aliye hatua mbili kutoka ulipo, na huyo hakuja kustarehe.

Kama nia yako ni kumaliza mwezi bila kujifunza chochote, basi nunua seti nzima. Sidiria ya shanga itakuchoma kwapani kila ukiinua mkono, utaishusha mikono, mwalimu atakwambia uinue, nawe utatumia saa nzima ukipigana na kifungo. Hutazungusha nyonga hata mara moja, lakini picha zitatoka nzuri.

Tuje kwenye tumbo, maana najua ndilo linalokunyima usingizi. Huko huko Misri, kanuni za serikali zimewataka wachezaji wa jukwaani wafunike tumbo tangu miaka ya 1950, ndiyo sababu kwenye filamu na video nyingi ukikaza macho unaona wavu mwembamba umepita kati ya sidiria na sketi. Fifi Abdou, mmoja wa waliotikisa Cairo kuliko wote, alijulikana pia kwa kucheza na kanzu nyeupe ndefu, shisha pembeni, na hakuna aliyedai kurudishiwa kiingilio. Ikiwa Fifi aliweza na kanzu, kitovu chako kinaweza kubaki nyumbani kikaangalie watoto.

Ila usije na fulana ya mumeo. Hapa ndipo wengi wanapokosea, kwa sababu ya haya. Densi hii ni ya kutenganisha viungo: kifua kiende kulia huku nyonga zimetulia, nyonga ishuke huku bega halina habari. Mwili wa anayeanza hautaki hayo. Nyonga ikishuka, bega linashuka nayo kumsindikiza. Mwalimu anatakiwa alione hilo bega, aone na mbavu, aone mgongo umepinda wapi. Ndani ya fulana pana haoni kitu, atakusifia kwa upole na kwenda kumsahihisha mwenzako. Vaa vesti ya kubana au kitopu cha mazoezi, na ndani yake sidiria inayoshika kweli kweli. Ya lesi uliyonunuliwa sikukuu iache droo ya chini.

Chini vaa taiti, basi. Suruali ya bwanga inaonekana ya Kiarabu na inapepea vizuri, lakini inaficha magoti, na ule mtikisiko wa haraka unaoupenda, kwa anayeanza, unafundishwa kuanzia magotini: goti moja likunjike, jingine linyooke, yapokezane, nyonga zifuate zenyewe. Anayejaribu kutikisa makalio kwa nguvu ya makalio anachoka kabla ngoma ya tabla haijachanganya. Mwalimu akiyaona magoti yako yamekakamaa atakuambia. Asipoyaona, utadhani Mungu hakukujalia.

Sasa kitambaa cha nyonga, na hapa nakuomba usiharakishe, kwani ndiyo nguo pekee iliyo muhimu kwenye darasa hili. Usikimbilie Kariakoo. Kanga unayo. Ikunje kwa urefu mpaka ibaki upana wa shubiri moja hivi, izungushe, kaza fundo ubavuni. Pamba inashika fundo, wakati shifoni huteremka kila ukitikisika na kukufanya ucheze kwa mkono mmoja kama aliyebeba ndoo. Na usiifunge kiunoni. Ifunge chini ya kitovu, juu ya ile mifupa miwili inayojitokeza mbele, ili ukingo wa kitambaa ukuonyeshe kwenye kioo nyonga ipi imepanda na ipi inasingizia.

Kuna na suala la jina la kanga. Maandishi yatakaa juu ya makalio, na aliye mstari wa nyuma atayasoma kwa saa nzima yakipanda na kushuka. "Hasidi hana sababu" haifai siku ya kwanza, utaanzisha ugomvi na mtu usiyemjua. "Japo sipati tamaa sikati" inaeleza hali yako bila kuficha, na hata mwalimu itamlegeza moyo.

Shangazi akikuona unatoka na kanga mkobani na kuuliza unakwenda wapi, usimfafanulie sana. Yeye alizaliwa Mombasa, amekulia kwenye chakacha, leso ameifunga nyonga tangu usichana na hajawahi kulipa ada kwa mtu. Atakuuliza, "Yaani mwanangu watoa pesa ufundishwe kukata kiuno?" na jibu la maana hutakuwa nalo. Mwambie ni mazoezi ya mgongo.

Kile kitambaa chenye visarafu vinavyolia, ambacho umeshakiona dukani na moyo umekidondokea, ni sawa, lakini fahamu ni mmbea. Watu kumi wakitikisa, visarafu vyote vikalia pamoja, mtu mmoja akachelewa nusu pigo, ukumbi mzima unamgeukia. Mwalimu naye akitaka kueleza jambo itabidi nyote msimame kama mmegandishwa. Mimi ningekiacha kwanza, ila nakujua utakinunua.

Shanga za kiunoni, kama unavaa, ni zako na wa kwako, ziache chini ya taiti. Bangili na pete vua. Hereni ndefu zitanasa kwenye nywele siku mtakayopewa mtandio wa kurusha. Rasta bana. Udi usijifukize kwa kiwango cha harusi, mko kumi na tano, madirisha mawili, feni moja. Miguu pekupeku ndiyo desturi darasani, na kama sakafu ni saruji chukua viatu laini vya ngozi visivyo na kisigino. Soksi peke yake hapana, labda kama ulikata bima.

Wanaume wanaouliza kwa sauti ya chini kama na wao wanaruhusiwa: mtu aliyepeleka ngoma za Kimisri kwenye majukwaa ya dunia, Mahmoud Reda, alikuwa mwanamume, na kundi lake alilianzisha mwaka 1959. Bukta na vesti vinatosha. Kanga pia utafungwa, usilete ubishi.

Mwisho, ya kurudi nyumbani. Beba dera. Ukimaliza livae juu ya kila kitu, mtandio kichwani, na umwone mtu wa kukutambua kuwa dakika tano zilizopita ulikuwa Cairo. Ila kile kitambaa cha visarafu kivue kabla hujapanda daladala. Gari ya Mbagala ikiruka shimo, vitalia vyote kwa pamoja chini ya dera, na konda uliyempa noti ya elfu kumi atakugeukia mbele ya abiria wote: "Anti, chenji yote hiyo, halafu unanipa msimbazi?"