Mabaka ya Spitfire

Ukitaka kujua ndoa yako ina uvumilivu kiasi gani, paka rangi ndege ya kivita sebuleni, juu ya meza ya kulia chakula.

Mimi naunda ndege za mfano, hasa Spitfire ya Waingereza, kwa kipimo cha 1:72. Ndege ambayo kutoka ncha ya bawa hadi ncha ilikuwa mita 11 na ushei, kwangu haifiki sentimita 16. Kuunganisha vipande si kazi. Kazi ni mabaka.

Wageni hudhani mabaka ni kupaka ovyo ovyo. Thubutu! Spitfire ya mwaka 1940 ilipakwa kwa ramani: kijani iliyokolea na hudhurungi ya udongo, kila baka na mahali pake. Na ramani zenyewe zilikuwa mbili, A na B, moja ni ya pili iliyogeuzwa kama kwenye kioo. Utaratibu ulitaka ndege za namba shufwa zipewe moja, za witiri zipewe nyingine. Ukizichanganya hakuna rubani atakayelalamika, ila ninaye rafiki mwenye ugonjwa huu huu, na huyo akija kunywa chai huanza kusoma namba ya ndege kabla ya kunisalimu.

Sasa paka hivyo vitu Mbagala, mwezi Februari. Ukiwasha feni, vumbi linatua kwenye rangi mbichi. Ukiizima, jasho ndilo linatua. Mbu naye, ambaye hana habari na ramani A wala B, alitua bawa la kushoto na hakuondoka tena.

Halafu kuna mipaka. Kijani na hudhurungi hukutana kwa ukungu mwembamba, na wenzetu wa Ulaya huupata kwa kuzungushia mpakani kamba za ulimbo laini kabla ya kupuliza rangi. Nami nikachukua donge la chapati jikoni, nikalisokota, nikalilaza juu ya mabawa, nikapuliza. Lilifanya kazi vizuri kuliko nilivyotarajia. Asubuhi sisimizi walikuwa wamekwisha kulivamia, wamepita kwenye kijani ambayo haijakauka, wakaendelea na safari yao hadi kwenye hudhurungi.

“Baba Watoto, donge langu liko wapi?”

“Liko vitani, Mama Watoto.”

Chini ya tumbo ndiko kwenye ugomvi mkubwa. Juni 1940 iliamriwa ndege za kivita zipakwe rangi waliyoiita Sky, ambayo ukiitazama ni kijani iliyopauka kama yai la bata. Rangi yenyewe haikutosha, vikosi vikachanganya ya kwao kwa kilichokuwepo stoo, kwa hiyo nyingine zikaelekea buluu. Yaani watu waliokuwa na Wajerumani juu ya vichwa vyao walikoroga wakapaka wakaruka. Sisi, na kashata mkononi, tunagombana kama yangu imezidi njano. Kwa maoni yangu, anayedai anaijua Sky moja tu ya kweli anatafuta ugomvi.

Mjumbe wetu alipoiona ndege yangu alirudi nyuma hatua moja. “Mwanangu, mabaka haya una kibali nayo?” Ana haki ya kuuliza, maana raia kuvaa nguo zinazofanana na sare za JWTZ ni kosa. Nikamweleza hili ni jeshi la Uingereza, tena la 1940. Akatafakari. “Hata hivyo usiiweke dirishani.”

Mama Watoto yeye alitaka jambo moja tu: kwa nini nisipake rangi ya maana, pinki kwa mfano? Nikamwambia ukweli, kwamba zipo Spitfire za kupiga picha zilizopakwa pinki hasa, ili zikiruka chini ya mawingu zisionekane kirahisi. Hakusubiri. Alileta rangi yake ya kucha akapaka bawa zima la ndege iliyokuwa ikingoja zamu. Rangi ya kucha ina dawa inayolainisha plastiki. Bawa likajikunja kama linapungia mtu mkono.

“Hiyo ilipigwa risasi,” akasema, akafunga kichupa.

Hudhurungi yangu imekwisha, na madukani hapa sijaiona. Nikamwomba shemeji anayekuja kutoka Uingereza anichukulie kikopo kimoja, cha mililita 14 tu. Amenijibu kwamba rangi hiyo ya mafuta inashika moto, abiria haruhusiwi kupanda nayo ndege. Rangi ya ndege yangu itakuja kwa meli.