Chokaa Kwenye Sufuria ya Mahindi

Ukitoka nje ya nyumba yetu Pilsen, Chicago, jioni yoyote ya kiangazi, harufu ya mahindi ya kuchoma na pilipili zinazobanikwa inakupokea mlangoni. Wameksiko walianza kuujaza mtaa huu miaka ya 1960, na barabara ya 18th Street bado ina maduka yao ya mikate, viungo na tortila, zile chapati nyembamba za mahindi. Kwa muda mrefu tuliishi ndani ya harufu hiyo bila kuonja chakula chenyewe. Maharage yao ya kuponda mara nyingi hukaangwa kwa mafuta ya nguruwe, unga wa tamale hukandwa kwa mafuta hayohayo, na pozole, ile supu kubwa ya mahindi, huchemshwa na nyama ya nguruwe. Sisi ni Waislamu wa Tanga. Tulinunua ndimu na maembe yao, tukarudi nyumbani kupika wali.

Aliyetutoa hapo ni binti yetu mkubwa. Aliacha nyama, kisha akaacha samaki, maziwa na mayai, na akaanza kuuliza: hawa jirani zetu walikula nini kabla ya nguruwe? Ni swali zuri, na jibu lake ndilo lililoligeuza jiko langu. Nguruwe, ng'ombe, mbuzi na kuku walifika Meksiko na Wahispania katika karne ya 16. Watu wa kule walikuwa na bata mzinga, samaki na wanyama wa porini, lakini chungu cha kila siku kilikuwa cha shambani: mahindi, maharage na maboga yaliyopandwa pamoja katika konde moja, na pilipili, nyanya na parachichi pembeni. Kwa hiyo anayepika chakula hiki bila nyama hapunguzi kitu. Anarudi kwenye msingi wake. Mimi naliamini hilo kwa dhati, na nimelitetea mbele ya watu wasioamini, wa kwanza wao akiwa mama mkwe.

Mama alikuja kutoka Tanga kututembelea, akamkuta mjukuu wake hali kuku. Usiku ule hakulala. Asubuhi akaniita pembeni.

"Mwanangu, huyu mke mwenzangu amefanyiwa nini?"

"Hajafanyiwa kitu, mama. Ameamua mwenyewe."

"Ameamua kukonda?"

Mume wangu alitaka kumtuliza mama yake haraka, akaenda dukani akarudi na mfuko wa unga wa mahindi wa kawaida ili tupike tortila siku hiyohiyo. Unga ule ni ndugu wa sembe yetu. Ugali wake ungekuwa mzuri sana. Lakini ukiukanda na kuusukuma mwembamba unapasuka pembeni, ukiuweka kwenye chuma cha chapati unakatika vipande, na ukijaribu kuukunja juu ya maharage, maharage yote yako mapajani. Mama alikula vipande vile kwa kijiko, kimya, na kimya chake kilinitia uchungu kuliko maneno.

Kinachokosekana ndani ya unga ule ni chokaa. Kwa zaidi ya miaka 3,000 watu wa Meksiko na Guatemala wamekuwa wakichemsha mahindi makavu katika maji ya chokaa au ya majivu, wakiyaacha humo usiku kucha, kisha wakiyaosha na kuyasaga yangali mabichi. Kilo moja ya mahindi inatosheka na gramu 10 hivi za chokaa. Chokaa hulilegeza ganda la punje na kulifanya donge lishikamane. Zaidi ya hapo, huifungua niasini, vitamini ambayo katika mahindi makavu imejifunga kiasi kwamba mwili hauwezi kuichukua. Wazungu walipoyabeba mahindi kwenda kwao waliuacha ujuzi huu nyuma, na maskini wa Italia na Hispania waliokula mahindi matupu wakapatwa na pelagra, ugonjwa unaobabua ngozi na kuvuruga akili. Ugonjwa huo umefika hata karibu na kwetu: mwaka 1990 wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa Malawi waliugua pelagra kwa maelfu baada ya karanga kukosekana kwenye mgao wao wa chakula. Mtu anayeniambia kwamba chokaa ni mapambo tu ya mapishi ya kigeni, naomba anisikilize hapa.

Jirani wetu wa chini anatoka pwani ya Guerrero, Meksiko. Binti yangu alipomweleza kisa cha unga, aliniletea chokaa ya kupikia kwenye karatasi na akaahidi kuja kesho yake na kinu chake cha mkono cha kusagia. Jioni ile nikachemsha kilo mbili za mahindi meupe, nikazima moto, nikafunika, nikalala. Kwenye jiko la pembeni niliacha maharage meusi yaliyokwisha kuiva.

Mama mkwe huamka alfajiri. Baada ya kuswali alifunua sufuria. Aliona maji ya manjano, akanusa, akaijua harufu: yeye ni mla tambuu tangu ujana wake, na chokaa haimtishi. Akaichukua punje moja, akaifikicha, ganda likatoka lenyewe. Kwa mwanamke aliyetwanga mahindi ya makande maisha yake yote ili kuyatoa makapi, hiyo ilikuwa neema iliyoshuka usiku. Akaamini kabisa kwamba nimempunguzia kazi kwa heshima ya ugeni wake. Aliyaosha mahindi mara nyingi mpaka maji yakatoka meupe, akayabandika upya, akamwaga maharage yangu yote ndani, akatafuta nazi kwenye jokofu, akatia tui, kitunguu na chumvi.

Niliamka nikakuta makande.

Saa nne jirani akabisha hodi, kinu begani. Sikuwa na hata punje moja ya kusaga. Binti yangu alianza kumweleza kwa Kihispania huku machozi yakimlenga, maana alikuwa amewaalika rafiki zake jioni ile waje kula tortila. Jirani akaweka kinu chini, akaenda jikoni, akaonja. Akaonja tena. Akasema ni pozole; pozole ya watu wasiojua kwamba wanapika pozole. Kwao Guerrero huliwa hasa Alhamisi, ya kijani, yenye mbegu za maboga zilizosagwa, na minazi ya kwao imejaa ufukwe mzima, ingawa nazi ndani ya sufuria ile hakuwahi kuiona. Akaomba kabichi, figili, ndimu na oregano. Akaloweka pilipili kavu, akazisaga na kitunguu saumu. Mama alimwachia nafasi mbele ya jiko, jambo ambalo mimi lilinichukua miaka kulipata.

Jioni wageni wakala wakaongeza. Vinywaji navyo vilikuwa na kisa chao. Mwanangu wa kiume alikuwa ametengeneza tepache, maganda ya nanasi yaliyolowekwa kwa maji, sukari guru na mdalasini, na akaifunga chupa ya kioo kwa nguvu zake zote ili inzi wasiingie. Tepache huchacha na hutoa hewa. Isipopata pa kutokea hujitafutia njia. Chupa ilipasuka juu ya friji wageni wakiwa mezani. Namshukuru Mungu hakuna aliyekuwa karibu. Tulifuta nanasi ukutani na kuokota vioo mpaka usiku, na mama akasema wazi kwamba kitu kilichochacha hivyo hakiingii tena nyumbani humu. Nakubaliana naye, kwa usalama na kwa dini. Maganda ya nanasi sasa tunayachemsha na tangawizi, tunachuja na kunywa maji yake yakipoa, kama watu wa pwani wanavyofanya.

Kilichobaki mezani kilitosha. Wameksiko hunywa maji ya ukwaju na maji ya rozela kila mahali, na mimea yote miwili asili yake ni Afrika. Ilivuka bahari wakati wa ukoloni ikapokelewa kule kwa mikono miwili. Mama alipoona jagi jekundu la rozela alilitambua kabla hajaambiwa. Chukua gramu 50 za maua makavu kwa lita mbili za maji, chemsha kidogo, acha yatoe rangi, tia sukari na ndimu, weka barafu. Maua yenyewe usiyatupe! Yakaange na kitunguu, kitunguu saumu na pilipili mpaka yakauke kidogo, uyakunje ndani ya tortila pamoja na parachichi. Yana ukali na yanatafunika, na binti yangu huyapenda kuliko chochote. Siku ile tortila hazikuwepo, tukayala juu ya makande. Orchata tuliifanya kwa mchele uliolowekwa na mdalasini, ukasagwa na kuchujwa, bila tone la maziwa.

Wiki iliyofuata kinu kilipata kazi. Jirani alisaga, mama akaviringa madonge, na tortila zilipoanza kuvimba kwenye chuma alizigeuza kwa vidole vitupu. Mjukuu wake alikula mpaka akaomba maji, na bibi akahesabu kila moja aliyokula, kwa sauti. Tangu hapo tunaloweka mahindi kwa mafungu mawili kila Jumatano: fungu moja la kinu, na jingine la sufuria ya mama, ambayo Alhamisi hushushwa ghorofa ya chini ikiwa imejaa, na hurudi ikiwa na maharage ya jirani ndani yake, yaliyokaangwa kwa mafuta ya alizeti.